Tisa mkaguzi wa jumla

Simu haikosei kujumlisha. Kidole ndicho hukosea kubonyeza. Ukiwa mweka hazina wa kikoba, Tandika au Tegeta, unahitaji njia ya kuikagua jumla bila kurudia hesabu yote. Kalamu na nyuma ya risiti vinatosha.

Tujaribie kwenye sensa ya 2022. Kinondoni ilikuwa na watu 982,328, Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912 na Kigamboni 317,902. Mkoa mzima wa Dar es Salaam: 5,383,728. (Unayekumbuka Kinondoni ya 2012 yenye watu 1,775,049 usishtuke. Hawakuhama, Ubungo ilimegwa humo.)

Jumlisha tarakimu za Kinondoni: 9+8+2+3+2+8 ni 32, kisha 3+2 ni 5. Hiyo 5 ndiyo baki ya 982,328 ikigawanywa kwa 9, maana 10, 100, 1,000 na kuendelea zote hubakiza 1 kwa 9. Ilala nayo hutoa 5, Temeke 4, Kigamboni 4, na Ubungo 9, ambayo ni sawa na sifuri. Ukizijumlisha bila Ubungo unapata 18, yaani 9. Sasa tarakimu za mkoa: 36, yaani 9. Zimekubaliana. Zikipishana, kosa lipo, hakuna mjadala.

Jumla hiyo ya Dar ina utamu wake, nami siwezi kuupita. Kwa kuwa jumla ya tarakimu zake imeishia kuwa 9, namba hiyo inagawanyika kwa 9: unapata 598,192. Ili kujua kama 16 inaingia, tazama tarakimu nne za mwisho tu: 8,192 ni 16 mara 512, basi inaingia, na unabaki na 37,387. Gawa kwa 7: 5,341. Tena kwa 7: 763. Tena: 109. Hapo jaribu 2, 3, 5 na 7, zote zinakataa; na kwa kuwa 11 mara 11 imeshaipita 109, usihangaike zaidi, hiyo ni namba tasa. Namba kubwa hivyo kuvunjika vipande vidogo kiasi hiki si jambo la kila siku.

Turudi kwenye daftari. Tisa ana upofu wake: tarakimu zikibadilishana nafasi, haoni kitu, kwa sababu jumla yake ni ileile. Lakini upofu huohuo ni dalili. Fedha na daftari zikipishana kwa kiasi kinachogawanyika kwa 9, anza kushuku tarakimu zilizogeuzwa. Mwaka wangu wa kwanza fedha zilizidi daftari kwa 27,000, nikakesha nazo. Ningegawa 27 kwa 9 ningepata 3, nikatafuta kwenye maelfu tarakimu mbili jirani zinazopishana kwa 3. Lilikuwa rejesho la 41,000, nililiandika 14,000.