Mche wa mgomba unapotoka katika chupa: siku 14 za kwanza



Siku hizi koperative mingi za Kivu zinapokea miche ya migomba iliyotengenezwa mu labo. Inafika ndani ya vyupa au vikopo vyenye kifuniko, kila mche urefu wa kidole tu, mizizi yake ikiwa ndani ya jeli laini. Inaitwa vitroplanti. Juu ya nini tunaitafuta, hakuna asiyejua. Mnyauko wa migomba, ule wengine wanaita BXW na ndugu wa Rutshuru na Masisi wanaita kirabiranya, ulionekana Masisi mwaka 2001, kiisha ukaenea Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Tulizoea kuomba machipukizi kwa jirani au kwa shemeji. Kwa njia hiyo ya zawadi, ugonjwa ulitembea kutoka shamba hadi shamba. Mche wa labo nzuri unafika bila mnyauko, bila fukusi wa mgomba, bila minyoo ya mizizi.

Lakini mche huu unaomba kazi moja ambayo chipukizi la shamba haliombi kamwe: kuuzoesha kuishi inje. Kazi hiyo ikifanywa vibaya, nusu ya miche inaweza kufa mbele ya wiki mbili kuisha. Tuchukue mfano. Koperative inanunua miche 500 kwa dola moja moja. Kama 450 inapona, hasara ni ndogo. Kama 250 inakufa, kila mche uliobaki umekwisha kukugharimu dola mbili, na bado hujalipa sashe, udongo wala mtu wa kumwangilia.

Mche unakufa na nini?

Hapa njo fasi ya kukaa kidogo, kwani ukielewa sababu, kazi yote inayobaki utaielewa mwenyewe.

Ndani ya chupa mche ulikuwa unaishi kama mtoto mgongoni mwa mama. Hewa ya mule ndani ni ya majimaji siku zote. Jeli iko na chumvi zote za kulisha mche, pia iko na sukari, mara mingi gramu 30 katika kila litre. Mwanga ni kidogo, upepo hakuna, ukungu hakuna. Kwa hiyo mche haukujifunza kazi tatu. Jani lake halikutengeneza ile nta inayozuia maji yasitoke; ukiligusa unasikia ni laini kama karatasi iliyolowa. Vitundu vidogo vya jani, vile vinavyopaswa kujifunga jua likiwa kali, vinabaki wazi. Na mizizi iliyoota mu jeli haina nywele nyingi za kunyonya maji mu udongo. Mingi itakufa na nafasi yake itachukuliwa na mizizi mipya.

Sasa weka mche huo inje saa sita mchana, mwezi wa saba, upepo ukivuma. Maji yanatoka kwa majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Jani linalala. Mwangalizi anaona jani limelala, anasema: mche uko na kiu, anaongeza maji mu sashe. Kesho yake jani bado limelala, anaongeza tena. Siku ya tano mizizi imeoza, na mche unakufa na kiu wakati udongo wake umejaa maji. Kiu ilikuwa ya hewa. Kinachoomba maji siku hizi za kwanza ni hewa inayozunguka majani, wala si udongo. Mpe mwangalizi wa pepinyeri yako maneno haya mbele ya kumpa bidoni.

Kutayarisha mbele ya kufungua chupa

Chupa zikifika, usizifungue kwa furaha ili kila mtu aone. Zisimamishe katika nyumba yenye mwanga lakini jua lisizipige, na zinaweza kungojea siku chache. Chupa yenye ukungu mweupe au mweusi ndani ya jeli iwekwe pembeni. Miche yake itatolewa mwisho, itasafishwa katika basini yake yenyewe, na itawekwa mbali na ingine.

Udongo lazima uwe umepikwa. Wengi wanaona hii ni kazi ya bure, lakini mche haujawahi kukutana na ukungu hata siku moja, na udongo wa shamba umejaa vijidudu. Changanya mabeseni matatu ya udongo mweusi, moja ya mchanga wa mtoni uliosafishwa na moja ya samadi iliyooza kabisa, isiyotoa harufu tena. Wale wa upande wa Goma wako na bahati, mchanga wao mweusi wa volkano unapitisha maji vizuri. Chukua pipa, weka maji chini, juu yake wavu au vijiti, kiisha mifuko ya udongo uliolowa kidogo. Funika, washa moto. Mvuke ukianza kutokea juu, hesabu saa moja. Kuna njia rahisi ya kupima: ficha kiazi kikubwa katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Acha upoe mpaka kesho yake.

Kwa kupandia, chukua vikombe vidogo au sashe ndogo, zenye vitundu chini. Wengine wanatengeneza vikombe kwa magome makavu ya mgomba. Ni bure, ni vizuri kwa macho, lakini kama shamba lilitoa mgonjwa mmoja, unarudisha ndani ya pepinyeri kile ulicholipia dola ili ukikimbie. Tusifanye hivyo.

Kiisha, tuneli. Piga matao ya mianzi juu ya kitanda cha metre moja upana, weka juu yake plastiki inayopitisha mwanga, pembe zake uzifukie mu udongo ili hewa isipite. Kwa vikombe vya sentimetre 7, kitanda cha metre 3 urefu kinatosha miche 500. Chini tandika mchanga na uuloweshe. Na hii isisahaulike: tuneli yote iwe chini ya kivuli cha majani ya ngazi au nyasi. Plastiki chini ya jua ni sufuria yenye kifuniko. Miche itaiva ndani yake siku moja.

Siku ya kupanda

Panda jioni, ao siku yenye mawingu. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua chupa moja moja, mimina maji kidogo ya uvuguvugu ndani, tikisa polepole mpaka jeli iachie. Usivute mche kwa jani. Mu basini ya maji safi ya uvuguvugu, ondoa jeli yote kwa vidole, hata ile iliyojificha katikati ya mizizi. Jeli iko na sukari, na fasi kwenye sukari ukungu unakuja kula mbio. Miche inayofungana pamoja, itenganishe kwa mkono. Ikikataa, tumia wembe safi. Mizizi mirefu sana inaweza kukatwa ibaki sentimetre mbili au tatu, hakuna hasara.

Gawanya miche kwa ukubwa: mikubwa pamoja, ya katikati pamoja, midogo pamoja. Ukichanganya, mikubwa itafunika midogo. Toboa kitundu mu udongo kwa kijiti, ingiza mizizi, funika mpaka pale ambapo mizizi inaanzia tu. Moyo wa mche ukifunikwa na udongo, utaoza. Kandamiza kidogo, mwangia mara moja, ingiza mu tuneli na ufunge. Mche usikae wazi inje hata dakika 10.

Pompi ya kupuliza maji iwe mpya, au ambayo haijawahi kuona dawa ya kuua majani. Kusafisha mara tatu hakutoshi. Dawa kidogo iliyobaki mu bomba inaweza kumaliza kitanda chote, na hakuna atakayejua ilikuwa nini.

Kufungua mlango polepole

Siku 7 za kwanza tuneli inabaki imefungwa. Asubuhi angalia plastiki upande wa ndani: kama iko na matone, hewa ni nzuri, usiguse kitu. Kama imekauka, puliza maji kama ukungu wa asubuhi, si kama mvua, kiisha funga. Udongo uwe umelowa tu. Ukikamata kidogo na kukamua, maji yasitoke.

Kuanzia siku ya 8, inua pembe moja ya plastiki saa moja asubuhi na saa moja jioni, wakati jua ni kidogo. Siku ya 10 ongeza iwe masaa matatu. Karibu siku ya 14 pembe zote mbili zinaweza kubaki wazi mchana mzima, na katika wiki ya tatu plastiki inatoka, siku ya mawingu kama inawezekana. Hizi siku si sheria ya serikali. Mu Ruzizi kuna joto, mche unakimbia. Lubero na Kabare kuna baridi usiku, mche unachelewa. Angalia majani saa nane mchana. Yakilala kidogo na kusimama tena jioni, endelea. Yakilala na kubaki hivyo mpaka usiku, rudi nyuma hatua moja, funga tena siku mbili.

Majani yaliyotoka na mche ndani ya chupa mara mingi yatakuwa ya manjano na yatakauka. Usiogope na usilie dawa. Njo majani ya labo, yamemaliza kazi yake. Kitu cha kuhesabu ni jani jipya. Likichomoka moja, gumu, la kijani, lenye kung'aa kidogo, mche umejifunza kuishi inje. Andika katika daftari: leo miche mingapi iko na jani jipya, mingapi imekufa. Daftari hili litawasaidia pia siku mtakapozungumza na labo juu ya miche iliyofika vibaya.

Sasa nani atafanya kazi hii? Mara mingi koperative inatengeneza zamu, kila memba siku yake, ili kazi igawanyike sawa. Kwa kulima pamoja ni vizuri. Kwa siku hizi 14, hapana. Wa Jumatatu anafungua, wa Jumanne hajui, anafungua tena. Wa Jumatano alienda soko. Maoni yetu ni haya: chagueni watu wawili wanaoishi karibu na pepinyeri, mmoja akigonjwa mwingine anashika, na muwalipe kitu. Malipo ya wiki mbili ni kidogo kuliko bei ya miche 200. Koperative isiyoweza kupata watu wawili wa namna hiyo, heri ianze na PIF, ile njia ya kuotesha machipukizi juu ya gogo la mgomba mu vumbi la mbao. Inasamehe zaidi, ijapokuwa inaomba gogo kutoka shamba lisilo na ugonjwa, kwani PIF yenyewe haiponyeshi gogo lenye mnyauko.

(Ndugu wa Beni wanaolima vanila watauliza. Vanila ni wa ukoo wa okidi, na mnaipanda kwa vipande vya kamba, kwa hiyo hamhitaji tuneli hii. Lakini siku moja mkiletewa vanila ya labo katika chupa, kiu yake ni hii hii.)

Baada ya wiki ya tatu

Mche hauna sukari tena, unajitafutia. Ukiona jani jipya, uanze kuulisha: kopo moja la samadi iliyooza katika makopo 10 ya maji, ilale usiku, uchuje, umwangie mara moja kwa wiki mu udongo, si mu moyo wa mche. Rangi iwe ya chai nyepesi. Kiisha hamisha kwenye sashe kubwa ya litre moja na nusu ao mbili, chini ya kivuli cha nusu jua. Punguza majani ya kivuli polepole, hata wiki mbili za mwisho miche ikae kwa jua lote. Yote pamoja ni miezi miwili na nusu ao mitatu, zaidi kidogo kwenye baridi. Kwa hiyo anayetaka kupanda na mvua ya mwezi wa tisa, chupa zake zifike mwanzo wa mwezi wa sita. Wengi wanaagiza mvua ikiisha kuanza, na miche inakuwa tayari wakati wa kiangazi.

Pepinyeri ikae mbali na migomba ya zamani. Vitroplanti si chanjo: inafika safi, lakini inashikwa na mnyauko kama mgomba wowote, kwa kisu kichafu au kwa wadudu wa maua. Na zile chawa ndogo nyeusi nyeusi zinazojificha chini ya mashina ya majani zinaleta ugonjwa mwingine, ule wa majani kusimama yamebanana kama fagio, ambao ndugu wa uwanda wa Ruzizi wanaujua sana.

Mbele ya kupeleka shambani, chagua. Mche mzuri uko na sentimetre 25 au 30 na majani matano ao sita ya kweli. Kwa metre 3 kwa 3, hektari moja inaomba miche 1.111, ongeza kidogo ya kujazia. Utaona michache isiyofanana na ndugu zake: mifupi kupita kiasi, ao majani yenye mabaka meupe, ao membamba na mazito. Labo ikizalisha mara nyingi kutoka mche mmoja, vitu hivi vinatokea. Havitazaa kitu cha maana. Vikate vipande, vitupe mu kompoti, na visiuzwe wala visipewe jirani aliyekosa miche.