Somo: Mto Mmoja, Wachotaji Wengi



Baadhi yenu mmeuliza ofisini: je, watu wanaoshindana katika biashara moja waweza kushirikiana katika maji? Najua swali limetoka wapi. Wapikao mafuta ya majani ya mkarafuu wanagombea kijito kimoja kwa ajili ya kupozea mirija ya matangi yao. Nami nimeona niwaeleze mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa Mkoa wa Mara.

Huko Pennsylvania, Marekani, makampuni huchimba gesi iliyonaswa ndani ya miamba iliyotokana na tope la kale. Haitoki mpaka mwamba upasuliwe kwa maji ya nguvu yaliyotiwa mchanga na dawa. Kisima kimoja huweza kutumia lita milioni 15 na zaidi. Sehemu ya maji hayo hurudi juu, na chumvi yake huweza kuzidi ile ya bahari. Zamani mengine yalipelekwa katika mitambo ya kusafishia maji machafu, yakaishia mitoni. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ikayataka makampuni yaache. Kuyapakia malori hadi jimbo la Ohio, yakazikwe visimani, ni gharama kubwa. Basi ikaonekana kwamba maji machafu ya huyu yaweza kupasua mwamba wa yule: amalizaye kuchimba humpa jirani anayeanza. Si kwamba walipendana, walihesabu nauli.

Ugumu ukawa huu: yakimwagika njiani, nani mwenye kosa, aliyetoa au aliyepokea? Hilo sharti liandikwe kabla lori halijaondoka.

Lakini katika kuchota hawakuachiwa wapatane wenyewe tu. Mto Susquehanna una tume yake tangu miaka ya 1970, ya majimbo 3 pamoja na serikali kuu. Tume hutoa ruhusa, hupima, na mto ukipungua huwasimamisha wachotaji.

Sasa tazameni Kisaka, wilaya ya Serengeti. Ng'ambo ya mto Mara, upande wa Tarime, uko mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mto huo watoka Mau, Kenya, na hadi Ziwa Victoria ni kiasi cha kilomita 400. Kabla haujafika huku umekwisha kunywesha mashamba, mahoteli na wanyama. Mwaka 2009 maji ya mgodi yalivuja hadi mto Tigithe. Mwaka 2019 NEMC ikautoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya bwawa lake la mabaki. Faini ni haki, ila haijazi mtungi wa mtu. Kenya na Tanzania zilitia sahihi mapatano juu ya mto huo mwaka 2015, na sheria ya Tanzania Bara ya 2009 yawaruhusu watumiaji maji kuunda jumuiya yao. Humo mwenye ng'ombe watano aweza kukaa meza moja na mwenye mtambo. Kwa maoni yangu hapo Mara imeshika njia bora kuliko mapatano ya makampuni peke yao.

Kwa hiyo kila mwenye tangi alete mkutanoni hesabu ya madebe anayochota kwa siku. Maji ya kupozea huwa na moto tu. Yakipoa katika birika moja, tangi la pili laweza kuyatumia. Na akina mama wachotao chini ya kijito nao nimewaalika, waketi mbele.