Elimu Iletayo Riziki

Baadhi ya wanaouchunguza Uislamu hutuuliza: Je, dini yenu inamjali kijana aliyemaliza shule asipate kazi, au inamfundisha Sala tu na kumwacha na njaa yake? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika mwenendo wa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w.

Hadhrat Anas r.a. anasimulia, katika mkusanyo wa Hadithi wa Abu Daud, kwamba mtu mmoja wa Ansari alikuja kuomba. Mtume s.a.w. alimwuliza kama nyumbani mwake hamna kitu. Alikuwa na nguo moja, nusu akiivaa na nusu akiitandika, na bakuli la kunywea maji. Vitu hivyo vikanadiwa mbele ya Masahaba. Mmoja alitoa dirhamu 1, mwingine akazidisha, vikauzwa kwa dirhamu 2. Moja ilinunua chakula cha jamaa zake, ya pili ikanunua shoka. Mtume s.a.w. akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwamuru akate kuni na kuziuza, asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu 10.

Utazame sana mpango huo. Chakula kilitangulia, maana mwenye njaa hafundishiki. Kisha zana, kisha kazi yenye wanunuzi, kisha siku ya kutoa hesabu. Wala Mwalimu hakuona aibu kushika mpini.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere wa Tanzania aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ya msingi imtayarishe mtoto kwa maisha atakayoishi, si kwa mtihani wa kuingia sekondari tu. Fikira hiyo ilikuwa njema. Lakini katika baadhi ya shule shamba likageuzwa mahali pa adhabu: aliyechelewa alipewa jembe. Mtoto huyo alijifunza nini juu ya jembe, ila kulichukia?

Sasa Sera ya Elimu ya nchi hiyo, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari, mwanafunzi ajifunze ufundi pamoja na masomo mengine. Wako wazazi (na nasikitika kwamba Waislamu pia wamo) wanaouona kuwa mkondo wa walioshindwa. Kurani Tukufu yatuambia kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe alimfundisha Nabii Daud a.s. kutengeneza mavazi ya vita (21:81). Je, Daud a.s. naye alishindwa?

Basi kabla hujamchagulia mwanao, nenda shuleni. Uliza kama karakana ina zana, kama mwalimu anaujua ufundi huo kwa mikono yake, na kama mjini kwenu wako wanunuzi wa kazi hiyo.