KODI YA MAJENGO: KWA NINI MADAI HUTOFAUTIANA KATI YA ENEO NA ENEO

Somo kwa watumishi wa Serikali za Mitaa na wakazi

Katika ofisi za kata na mitaa huulizwa mara kwa mara swali moja: kwa nini mwenye nyumba wa eneo hili hudaiwa kiasi hiki, na mwenzake wa eneo jirani kiasi kingine? Somo hili linalijibu kwa kuitumia Kata ya Moshono, iliyoko mashariki ya katikati ya Jiji la Arusha, kama mfano. Zamani kata hiyo ilikuwa chini ya Wilaya ya Arumeru, kisha ikaingizwa katika Jiji. Hapo nyumba za familia zilizo kandokando ya migomba zimepakana na nyumba mpya za kupangisha na majengo ya ghorofa.

1. Msingi wa kodi

Tanzania Bara, kodi hii hutozwa jengo, wala si ardhi. Ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Wenzetu wa Nairobi wamefuata njia nyingine: kwa miaka mingi wametoza thamani ya kiwanja peke yake, bila kuhesabu jengo lililo juu yake.

Sheria Na. 2 ya mwaka 1983 iliziwezesha Mamlaka za Miji kuthamini majengo na kutoza kodi kwa asilimia ya thamani hiyo. Thamani ilikuwa bei ya soko. Pale ambapo bei hiyo haikuweza kujulikana, iliangaliwa gharama ya kujenga jengo kama hilo upya, ikipunguzwa uchakavu.

2. Tofauti zilivyokuwa zamani

Chini ya utaratibu huo zilikuwapo sababu tatu za tofauti.

(a) Thamani. Nyumba mbili za ramani moja hazikuwa na thamani moja ikiwa moja iko kwenye barabara ya lami na nyingine kwenye njia isiyopitika wakati wa masika.

(b) Asilimia. Tuchukue nyumba yenye thamani ya shilingi 40,000,000. Kwa asilimia 0.15 kodi yake ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 0.20 ni shilingi 80,000.

(c) Uthamini wenyewe. Majengo ambayo hayakuwa yamefikiwa na mthamini yalitozwa kiwango maalumu kisichotegemea thamani. Hivyo jirani aliyethaminiwa na jirani ambaye bado, wa mtaa mmoja, walipata ankara zisizolingana.

3. Mabadiliko ya mwaka 2016 hadi 2023

Mwaka 2016 ukusanyaji katika majiji na manispaa ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mwaka 2018 viwango maalumu vilipangwa hivi: jengo la kawaida shilingi 10,000 kwa mwaka, jengo la ghorofa katika jiji, manispaa au mji shilingi 50,000 kwa kila sakafu, na jengo la ghorofa katika halmashauri ya wilaya shilingi 20,000. Wakati huo mpaka wa halmashauri ulikuwa na uzito mkubwa. Ghorofa ya Moshono, iliyo ndani ya Jiji, ilihesabiwa kwa kiwango cha 50,000. Ya Usa River, iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru, kwa kiwango cha 20,000.

Tarehe 20 Agosti 2021 kodi ilianza kukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa jengo la kawaida lenye mita, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu au sehemu ya ghorofa yenye mita. Julai 2023 viwango vilipandishwa kuwa shilingi 1,500 na 7,500 kwa mwezi, yaani shilingi 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

4. Maana yake kwa mkazi

Kwa utaratibu huu, nyumba ya vyumba viwili Moshono na nyumba kubwa isiyo ya ghorofa huko Njiro hulipa shilingi 18,000 sawasawa. Faida yake ni kwamba kila mtu anajua deni lake, na hakuna nafasi ya kupatana na mthamini. Hasara yake ni kwamba mwenye kidogo na mwenye kingi wanabeba mzigo wa uzito mmoja. Mtumishi anayeulizwa aeleze pande zote mbili kwa haki.

Kwa hiyo, ankara ikionekana kubwa kuliko ya jirani, usianze kwa kutazama jina la kata. Hesabu mita na sakafu. Nyumba ya kawaida ya kupangisha yenye mita tatu, zote zikikatwa, hulipa shilingi 54,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Mwenye nyumba ya namna hiyo anapaswa kuiarifu mamlaka inayokusanya kodi hiyo ili ibaki mita moja tu inayokatwa.

5. Mambo ya kuzingatia

(i) Mdaiwa kisheria ni mwenye jengo. Mpangaji anayekatwa kupitia LUKU apatane na mwenye nyumba ili kiasi hicho kipunguzwe katika kodi ya pango.

(ii) Asiyenunua umeme kwa miezi kadhaa hukatwa malimbikizo ya miezi hiyo anaponunua tena. Hilo si kosa la mita.

(iii) Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi husamehewa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Kwa kuwa mita haijui umri wa mtu, ni lazima msamaha uombwe kwa mamlaka inayokusanya kodi hiyo.

(iv) Jengo lisilo na umeme halisamehewi kwa sababu hiyo. Hulipiwa kwa namba ya malipo.

(v) Kodi ya pango la ardhi ni deni jingine. Hiyo husimamiwa na Wizara ya Ardhi, na hutofautiana kwa mahali, ukubwa na matumizi ya kiwanja. Mara nyingi mkazi anayelalamika kwamba "kodi ya nyumba" yake imezidi ya mwenzake huwa ameshika mkononi ankara ya ardhi.

Maswali ya kujipima

1. Jengo lako lina mita ngapi, na ni ngapi zinazokatwa kodi?
2. Je, yupo mzee katika mtaa wako anayestahili msamaha lakini bado anakatwa?
3. Ankara uliyonayo ni ya jengo au ya ardhi?

Watendaji wa kata na mitaa wanaombwa kuyasoma maswali haya mbele ya wananchi katika mikutano ya hadhara, na kuwasaidia wazee wasioweza kufika ofisini kuandika maombi yao.