Sauti Ikichelewa Kwenye Simu ya Intaneti: Maswali ya Wakazi wa Lubumbashi

Kwa nini mimi na ndugu yangu wa Kinshasa tunaanza kusema kwa pamoja?
Simu ya intaneti hukata sauti vipande vidogo, viitwavyo pakiti; mara nyingi kimoja hubeba sehemu ya hamsini ya sekunde. Vikichelewa njiani, kila mmoja hudhani mwenzake kanyamaza. Wote wawili husema "Alo?", kisha wote hungoja.

Ucheleweshaji unahesabiwaje?
Hujumlishwa hatua kwa hatua, kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Kukusanya na kubana sauti, tuseme 25. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga hutumia 5 kwa kila kilomita 1,000. Hadi Kinshasa, karibu kilomita 1,600 kwa mstari ulionyooka, ni 8. Foleni kwenye mitambo, tukadirie 30. Simu inayopokea nayo husubiri kidogo, kama 40, ili vipande vilivyochelewa vipangwe na wenzake. Jumla ni 103, na umbali ambao wengi huulaumu umechangia kidogo kuliko vyote.

Kiasi gani kinakubalika?
Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), katika pendekezo G.114, linashauri upande mmoja usizidi 150, na mtandao usipangwe kuvuka 400. Setilaiti iliyo juu karibu kilomita 36,000 hutumia takriban 250 kwa kupanda na kushuka tu. Katika hesabu yetu, ikiwekwa badala ya ile 8 ya nyuzi, jumla ingefika 345.

Nikinunua mega nyingi, sauti itawahi?
Si lazima. Mega za kifurushi ni kiasi cha data, si mwendo wake.

Ni kweli sauti ikichelewa kuna mtu anasikiliza?
Wasiwasi huo unaeleweka, lakini kuchelewa au mwangwi si ushahidi wa kusikilizwa. Sababu za kawaida za kuchelewa ni hizo tulizozihesabu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda siri ya mawasiliano yako, isipokuwa pale sheria inaporuhusu.

Nikipiga kwa dharura?
Taja kwanza mahali: komine, kwa mfano Katuba au Ruashi, kisha avenyu na namba ya nyumba. Halafu nyamaza usubiri jibu.

Nilalamike wapi?
Anza na kampuni yako. Usiporidhika, nenda ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini. Andika tarehe, namba uliyopiga na saa, ukitaja kuwa ni saa za Lubumbashi, kwa kuwa Kinshasa iko nyuma kwa saa moja.