Vibao vya Hatari Visianguke Mashineni

Katika vyama vya kahawa wilayani Mbozi, mashine ya kumenya kahawa hutetemeka mfululizo. Kibao cha hatari kilichobandikwa kwa sumaku huteleza kidogo kidogo, na hatimaye huanguka. Hapo mfanyakazi mgeni hukosa onyo, naye aweza kutia mkono penye mkanda.

Makatibu wazingatie haya:

1. Sumaku hushika chuma, haishiki alumini.
2. Mashine izimwe kwanza, kisha mahali pa kubandika pafutwe vumbi na grisi. Rangi nene hupunguza nguvu ya sumaku.
3. Mahali hapo pawe bapa, mbali na joto la injini.
4. Kibao kikaguliwe kila juma.

Kikiendelea kuteleza, kifungwe kwa boliti zenye nati mbili, au kitundikwe ukutani karibu na mashine. Hata hivyo, kibao hakichukui nafasi ya kifuniko cha mkanda.