Moyo Hupimwa Ukiwa Kazini

Ukibeba dumu la maji kutoka Mto Tana ukahisi kifua kinabanwa, kisha ukipumzika kivulini maumivu yanaisha, usilisingizie jua la Garissa. Dalili hiyo ndiyo inayohitaji ECG ya mazoezi, yaani kipimo cha umeme wa moyo kinachofanywa ukiwa unatembea. ECG ya kawaida hupigwa ukiwa umelala, na wakati huo moyo hauhitaji damu nyingi. Mshipa uliopungua upana unaweza kupita bila kuonekana.

Utabandikwa vibandiko kifuani, ufungwe mkanda wa presha, kisha utembee kwenye mashine ya mazoezi ya kutembea. Kwa utaratibu wa Robert Bruce, daktari wa Seattle, unaanza na kilomita 2.7 kwa saa, na kila dakika 3 kasi na mwinuko huongezwa. Lengo ni asilimia 85 ya mapigo unayopata ukitoa umri wako katika 220. Mwenye miaka 50 hulenga takriban 145 kwa dakika. Ukihisi maumivu au kizunguzungu, sema papo hapo.

Miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo iache kabla ya kipimo, na umweleze daktari unatafuna kiasi gani. Usimfiche; hakuulizi ili akuhukumu. Kahawa na chai pia ziache kama ulivyoelekezwa, na usile chakula kizito kwa muda wa saa 3 kabla ya kipimo. Dawa za presha usiziache kwa uamuzi wako. Kama umefunga Ramadhani, mwambie daktari mapema, maana kipimo kisicho cha haraka kinaweza kungoja. Vaa raba. Mama anayesitiri mwili ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke.

Asiye na dalili yoyote simshauri asafiri karibu kilomita 370 hadi Nairobi kutafuta kipimo hiki. Kwake, hasa akiwa mwanamke, majibu huweza kuonyesha ugonjwa ambao haupo, akaingizwa katika vipimo vizito zaidi. Aanze na presha, sukari na mafuta ya damu, na aache sigara. Mwenye dalili aulize kwanza katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa.

Lakini maumivu yakija umekaa, yakadumu, yakashuka mkononi au kupanda tayani, ukatokwa na jasho jembamba, usipande basi kwenda kutafuta mashine. Nenda hospitali iliyo karibu, saa hiyo hiyo.